Kofia ya Nyaya

"Nivalishe mimi kwanza, binti yangu, aone babu hafi," mzee alimwambia muuguzi.

Mjukuu wake wa miaka saba, mwenye usonji, aliyesimama nyuma yake, alikuwa hajatamka neno tangu azaliwe. Daktari alishasema wazi: huu umeme mdogo wa kichwani ni nyongeza ya mazoezi ya kuongea, si muujiza.

Muuguzi akamvika mzee kofia ya nyaya. Maji ya chumvi kwenye sponji yakachuruzika kiparani, yakamwingia mpaka sikioni. Muuguzi akanyoosha kidole kwenye swichi, kwa kuigiza tu.

"Mwache babu!"

Mzee akageuka. Jamani, ni yeye, mjukuu! Alikuwa amemng'ang'ania babu shati kwa mikono miwili.

"Haya, mzee," muuguzi akanong'ona, "bado tumvalishe?"