Kikombe cha Chambilo

La, hakumpiga, wala hakumnyima chakula, nani kakwambia? Chambilo alimpenda yule mbwa wake, Pipi, kama mwanawe. Kosa lilikuwa kikombe. Kila kitoto cha mbwa kilichozaliwa kwake alikitia kwenye kikombe cha chai, na kikienea humo, basi hicho ndicho atakachokuja kukizalisha, maana watu mjini walitaka vidogo tu. Kidogo akikipandisha kwa kidogo mwenzake, miaka tisa hiyo.

Sasa siku hiyo Pipi kashikwa uchungu tangu alfajiri, kitoto kimekwama. Daktari wa mifugo akaja, akampasua palepale juu ya meza ya kulia chakula. Pipi akapona, na kitoto kikatoka hai.

"Mzee wangu, hebu kiguse hapa utosini," daktari akasema.

Chambilo akagusa. Palikuwa laini, kama hamna mfupa.

"Hapatafunga hapa. Hata mama yake hapajafunga. Akianguka kitandani tu, basi."

"Mimi nilidhani ndio uzuri," Chambilo akasema, macho chini.

"Uzuri wa nani, Baba Tunu?" mkewe Nyasatu akamuuliza. "Wake au wako?"

Chambilo akaisugua meza mwenyewe, akaisugua tena. Jua lilikuwa limeshapinda walipokaa kula, wote watatu, yeye, mkewe na daktari. Chambilo alikula taratibu, kiganja cha kushoto kimefunika kile kichwa cha kitoto pajani. Nyasatu akammiminia chai, akamsogezea. Kwenye kikombe kilekile.