Flashi Nyekundu

Siku moja kabla ya mashindano ya magari, Magembe aliingia gereji ya Zamda akitabasamu. Mwaka jana alimwibia programu ya kompyuta inayoongoza injini, akashinda nayo, akatangaza kuwa kaiandika mwenyewe.

"Dada, safari hii nipe programu ya dukani tu, ile inayoingia gari lolote."

"Umekuwa mnyenyekevu, kaka."

Macho ya Magembe yalikuwa kwenye flashi nyekundu iliyokuwa mezani. Humo mlikuwa na programu ambayo Zamda aliliandikia gari lake kwa wiki sita. Mwaka jana nozeli za magari yao, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, zililingana. Sasa za Zamda zilikuwa kubwa maradufu. Kwenye nozeli ndogo kama za Magembe, programu ile, inayozifungua kwa muda mfupi tu, ingeinyima injini petroli, na pistoni zingeyeyuka kabla ya mzunguko wa tatu.

Angeweza kumwonya. Sentensi moja ingetosha.

"Ngoja nikakutafutie hiyo ya dukani," alisema, akaenda stoo, akasimama gizani akahesabu hadi mia.

Aliporudi, Magembe hakuwapo. Nje injini yake ilinguruma kwa furaha. Mezani, katikati ya vumbi la siku nne, palibaki mstatili mdogo safi pale ilipokuwa flashi. Zamda alichukua kitambaa cha kufutia meza, kisha akakirudisha mahali pake bila kuifuta alama ile.