Moshi wa Mama Sikudhani

Mbaruku alilikandika jiko jipya kwa mikono yake mwenyewe, la udongo, lisilokula kuni ovyo, lenye bomba la kutolea moshi nje. Mafiga aliyatupa. Tangu wamwoze binti wao wa pekee, kila akimkuta mkewe jikoni macho mekundu, jibu lilikuwa lile lile: moshi.

Siku ya kwanza ya kupika alikwenda kuchungulia, kifua mbele. Moto uliwaka safi, hata boriti za paa zilionekana. Mkewe alikuwa kwenye kigoda, machozi yakimchuruzika.

"Mama Sikudhani, una nini?"

"Moshi tu, mume wangu."

Bila kumtazama, mkewe aliokota pepeo, akaanza kuufukuza moshi usiokuwapo.