Feni ya Upande wa Pili

Zamu yangu ya kutia saini ilipofika, niliamua kutoboa ukuta kwanza.

Ulikuwa ukuta wa mbao nyembamba tu. Bosi aliupiga katikati ya karakana yetu ya kushona baada ya uchaguzi, eti kwa ajili ya amani: sisi wa Jumapili huku, wao wa Ijumaa kule. Tangu siku hiyo tunashona sare tukivuja jasho mpaka visiginoni, huku feni yao ikinguruma kutwa nzima.

"Serikali ni yao, lazima wapepewe," alisema Mama Vifungo, akinisukumia karatasi. Ilisema kesho, wao wakigoma, sisi hatutagoma pamoja nao. "Saini, mwanangu, usijitie hamnazo."

"Nitasaini, mama. Ila ngoja niione kwanza hiyo feni ninayoionea wivu."

Nikachomeka ncha ya mkasi kwenye mbao, nikazungusha, nikaweka jicho kwenye tundu. Nikakutana na jicho. Tone la jasho lilining'inia kwenye kope zake, likadondoka, na jingine likachukua nafasi.

"Kaka," sauti ya kike ikasema, "hiyo feni yenu jamani! Upepo mnakula nyie, sisi mnatuachia kelele."

"Yetu? Si yenu?"

"Yetu wapi, na tunaiva hivi?"

Cherehani zikanyamaza pande zote mbili. Tukasikiliza. Mngurumo ulitoka juu ya vichwa vyetu, ofisini kwa bosi.

Mama Vifungo akanisukuma kando, akainama, akaweka mdomo kwenye tundu.

"Mwanangu," akamwambia, "kesho nyie mnaanza saa ngapi?"