Bakuli la Samaki Wawili

Haifa alikwishakwenda kwenye jumba la makumbusho mara mbili peke yake, akahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la kioo, ili leo asikosee njia mbele ya mama mkwe.

“Hilo hapo, mama,” alisema, akinyoosha kidole kama mwenye mali.

Bakuli lilikuwa jeupe, na ndani yake samaki wawili wa buluu wakifukuzana. Lilifanana mno na lile alilokabidhiwa na Bi Miska siku ya harusi, kule Malindi, Unguja, wanawake wote wakishuhudia: bakuli la kale la Kichina, lililorithiwa katika nyumba ile mkwe baada ya mkwe. Tofauti ilikuwa moja tu. Hili lilikuwa zima. Lile lilimponyoka Haifa kwenye sinki, nyumbani kwao Kilburn, London, vipande vikaenda na taka za Jumanne, na hata mumewe Hilali hakuambiwa.

Siri ilikaa miaka sita. Kisha Bi Miska akaja London kuwatembelea, na hata buibui hajalivua, akauliza, “Bakuli langu liko wapi?” Ulimi wa Haifa ukamtangulia: jumba la makumbusho la vyombo vya Kichina limeliazima, watu walione. Njia ya mwongo ni fupi, naye maskini alikuwa amekwishaishika.

Bi Miska aliinama mpaka pua ikagusa kioo. “Kadi hiyo inasemaje?”

Kadi ilisema mambo ya tanuri na wafalme. “Limeazimwa kwa hisani ya Bi Miska wa Malindi,” Haifa alisoma, macho makavu.

“Mbona maneno mengi hivyo?”

“Kiingereza hicho, mama. Kinazunguka.”

Pembeni, mfinyanzi mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni kazi yake. Gurudumu lilizunguka, udongo ukapanda mikononi mwake. Alipomaliza alichukua bakuli kuukuu, akalipindua, akaeleza. Haifa akatafsiri, safari hii kwa uaminifu: uso wa chombo hudanganya, kitako hakidanganyi. Mtaalamu akikipindua tu, hujua kilitengenezwa lini.

Bi Miska aliketi ghafla kwenye benchi, mkoba ameukumbatia.

“Na letu,” aliuliza polepole, “wamelipindua?”

Amekwishajua, Haifa alijiambia. Leo atamwambia Hilali, na kesho Malindi nzima itasikia kwamba Haifa aliaminiwa kitu kimoja tu cha ukoo, akakivunja, kisha akamzungusha mzee wa watu London kutwa nzima kwa uongo. Aliogopa, na aibu ikamshika kuliko hofu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

“Wamelipindua, mama. Wataalamu watatu.”

“Wakasemaje?”

“Wakasema lina miaka mia nne.”

“Mia nne!” Bi Miska alimtazama mkwewe, akalitazama bakuli, akamtazama tena mkwewe. “Wallahi? Wote watatu?”

“Wote.”

Hakuuliza tena. Hata picha alikataa kupigwa, yeye aliyevaa mtandio mpya kwa ajili hiyo hiyo.

Ndani ya basi la kurudi Kilburn midomo ilimcheza Bi Miska kama mtu anayesoma dua. Vituo vitatu vikapita. Haifa hakuweza kuvumilia zaidi. Liwalo na liwe.

“Mama, nina jambo la kukwambia.”

“Ngoja, mwanangu, nitangulie mie. Langu ni zito.” Bi Miska akatazama nyuma, akatazama mbele, akamshika mkono. “Lile bakuli la ukoo nililivunja mie mwenyewe, siku tatu kabla ya harusi yenu, nikilifuta vumbi. Lile nililokupa nililinunua sokoni Darajani, dukani kwa Alkesh. Tena alinambia linaingia hata kwenye mikrowevu.”

Kabla Haifa hajasema lake, Bi Miska alikuwa amekwishanyoosha mkono kubonyeza kengele ya basi.

“Tushuke turudi. Tukalichukue kabla hajatokea mtaalamu wa nne.”