Wa Tatu Kutoka Kushoto

Anyona alianza na viatu. Akapanda magotini, akapanda kwenye koti, na kila alipopitisha brashi ya kompyuta yule mtu alipungua na majani yakaota mahali pake.

Mgeni aliyeileta picha alikaa nyuma yake, kabuti amelifunga hadi shingoni ingawa jua la Keroka lilikuwa kali. Ilikuwa picha ndogo ya zamani: wanaume watano wenye kofia mbele ya zizi la mbao, nyuso zao ndogo kama punje za maharage. Alisema hao ndio wazee walioanzisha kanisa lao. Wa tatu kutoka kushoto alitengwa baadaye kwa uchawi, na waumini hawakutaka kumwona ukutani siku ya sherehe.

Tuseme ukweli, Anyona hakuuliza zaidi kwa sababu kichwa kilikuwa kimemvimba. Ng'ambo ya barabara Jaswant, mwenye studio ya picha kama yeye, alikuwa na programu ya kurekebisha picha iliyonunuliwa Uingereza kwa bei ya ng'ombe watatu wa gredi, na hakuchoka kumkumbusha kwamba rahisi ghali. Ya Anyona ilikuwa ya bure, aliletewa kwenye sidii na rafiki aliyesoma chuo kikuu. Na leo mteja alikuwa ametoka kwa Jaswant mwenyewe, akisema kule kazi imewashinda. Anyona nusura aimbe.

Kilichomtesa ni kompyuta. Ilikuwa kuukuu, na ikipewa picha nzima inaganda. Kwa hiyo aliiingiza vipande vipande, akivikuza na kuvishughulikia kimoja kimoja: mara sikio, mara taya, mara ukingo wa kofia.

Alitaka amalize mapema. Kesho yake, Alhamisi, alikuwa ampeleke mama yake mahakamani Kisii. Kwa miaka minane Bonareri alikuwa akidai shamba la marehemu mumewe huko Nyansiongo, na hakimu alishasema hii ndiyo mara ya mwisho: alete kitu, chochote kile, kinachoonyesha kwamba mumewe alikuwa mmoja wa waliolinunua kwa pamoja. Hakuwa nacho. Mume alifariki Anyona akiwa bado tumboni, na wiki ya matanga nyumba ikaungua na kila kilichokuwamo. Akishindwa kesho, hata kibanda anamolala kitabomolewa. Anyona aliogopa siku hiyo kama mtoto, na ndiyo maana alifurahi kuwa na kazi ya kumsahaulisha.

Uso uliisha. Kikabaki kitu kimoja tu: vidole vinne begani mwa mtu wa pili.

"Na vidole pia," mgeni alisema. "Asibaki hata ukucha."

Anyona akavifuta. Mgeni alimsimamia hadi vile vipande vya mwanzo vikaondolewa kwenye kompyuta, kisha, picha mpya ilipokuwa ikitoka, akaitumbukiza ile ya zamani kwenye jiko la chai. Ilijikunja, ikaisha. Alimtazama Anyona usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamshukuru kwa adabu na kwenda zake.

Hazikupita dakika kumi, Jaswant akavuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliuliza kama mtu wa kabuti alikuwa amefika hapo. Anyona akacheka, akamsimulia yote mpaka habari ya jiko, halafu akamuuliza: kati ya cha bure na cha bei, ni kipi kilichoshinda leo?

Jaswant aliketi bila kukaribishwa.

"Kazi haikunishinda, Anyona. Nilikataa. Lile zizi nalijua, liko Nyansiongo. Baba yangu alikuwa akichukua maziwa hapo. Nikaikuza picha kwa ile programu yangu, uso wa yule wa tatu ukajaa kioo chote."

Alitazama jivu jikoni.

"Nilidhani ni wewe, umevaa kofia."