Mwenye Shughuli Zake

Ujumbe wa sauti wa Bi Mwanaidi, mkuu wa kundi la wafuga kuku la kwenye simu, uliingia mchana, Mzee Chande akiwa anakula peke yake. Aliacha tonge sahanini akausikiliza.

“Shikamoo, Mzee Chande. Tumelijadili ombi lako la kuwa admini. Usituelewe vibaya, kuku unawajua kuliko sisi sote. Ila wewe upo humu kila saa. Mtu akiuliza, wenzio hawajashika hata simu, wewe umeshajibu. Tumempa Kombo. Yule ana shughuli zake, hatatujazia simu.”

“Sawa, mwanangu. Nimeelewa,” aliandika Mzee Chande, akatuma. Hapo ndipo alipotazama saa. Hata dakika ilikuwa haijaisha. Angengoja basi, japo amalize kula.

Akaitia simu kwenye sufuria tupu, akaifunika, akatoka kufagia ua. Alikuwa ameshaufagia asubuhi. Akaufagia tena, polepole, kama mtu mwenye shughuli zake.

Alipofika bandani, mfuniko ukaanza kutetemeka kule jikoni. Kuku wake watatu waliobaki wakainua vichwa. Labda kuna mtu vifaranga wake wanasinzia, anauliza awape nini. Labda watu wanampongeza Kombo tu.

Mfuniko ukatulia. Ukatetemeka tena. Mzee Chande akaendelea kufagia palepale, mpaka ufagio ukaanza kuchimba.